Hati kabla ya bendera: barua ya wazi kwa mawaziri wa ulinzi, wasemaji wa majeshi na wahariri wakuu wa Afrika Mashariki

Waheshimiwa mawaziri, waheshimiwa wenyeviti wa kamati za ulinzi bungeni, maofisa mnaosimamia habari za majeshi, nanyi wahariri wakuu,

Tunawaandikia nyote barua moja, kwa makusudi. Kila askari wetu wanapotumwa nchi ya watu, Serikali hulalamika kwamba vyombo vya habari vinaichimba, navyo vyombo vya habari hulalamika kwamba Serikali inavilisha maneno. Kila upande una haki yake katika lawama hizo. Lakini sisi tunaofanya kazi kwenye madawati ya habari za kimataifa na za ulinzi tunaona kosa likianzia mahali pamoja kila mara: siku chache kabla ya kikosi kuondoka. Hapo ndipo mhariri anakuwa na chanzo kimoja tu, na chanzo hicho ni ofisi ile ile inayotaka kutuma kikosi. Maswali yasiyoulizwa siku hizo huja kuulizwa mbele ya majeneza, na wakati huo hakuna anayejibu vizuri.

Tuanze na Somalia, maana ndiko ilikopata nguvu imani kwamba televisheni inaweza kuiburuta dola kubwa hadi vitani na kuirudisha nyumbani. Inasimuliwa hivi: mwaka 1992 Wamarekani waliona watoto wa Baidoa wamebaki mifupa, wakashikwa na huruma, Rais George H. W. Bush akatuma majeshi. Oktoba 1993 wakaona maiti ya askari wao ikiburutwa Mogadishu, wakakasirika, Rais Bill Clinton akayarudisha.

Nusu ya kwanza ya masimulizi hayo ina walakini mkubwa. Watafiti Steven Livingston na Todd Eachus walizipanga habari za mwaka ule kwa tarehe, wakaziweka sambamba na hatua za maofisa wa Washington. Walichokuta ni kwamba habari zilifuata nyayo za maofisa. Seneta Nancy Kassebaum alizuru Somalia Julai 1992 na akarudi akiisemea. Katikati ya Agosti Ikulu ya Marekani ikatangaza ndege za msaada, zikaanza kuruka kutoka Mombasa na Wajir, na waandishi wakamiminika nyuma yake, wengi wao wakipanda ndege za msaada kwa kuwa usafiri mwingine haukuwepo. Mwandishi hufika pale anapoweza kufikishwa. Makomando walipotoka majini kwenye ufukwe wa Mogadishu usiku wa kuamkia Desemba 9, walimulikwa na taa za kamera zilizokwisha kujipanga mchangani zikiwasubiri.

Nusu ya pili ina ukweli zaidi, nayo ndiyo inayowahusu ninyi wasemaji. Picha ya maiti hiyo, ya Paul Watson wa gazeti la Toronto Star, ilipigwa baada ya mapigano ya Oktoba 3, 1993 yaliyoua Wamarekani 18. Oktoba 7 Clinton alitangaza kwamba majeshi yake yangekuwa yameondoka ifikapo Machi 31, 1994. Kwa nini picha moja ilikuwa na nguvu hiyo? Kwa sababu wananchi walikuwa bado wanaamini askari wao wanasindikiza magunia ya chakula. Kazi ilikuwa imebadilika tangu Juni, pale askari 24 wa Pakistani walipouawa na Baraza la Usalama likapitisha azimio 837 la kuwasaka waliohusika. Hakuna aliyewakalisha wananchi kitako akawaeleza mabadiliko hayo. Ukiwa na sera inayoeleweka, picha mbaya huumiza, lakini sera hubaki imesimama. Pasipo maelezo, picha yenyewe ndiyo inayogeuka kuwa maelezo.

Yaliyofuata Rwanda yalitokana kwa sehemu na woga wa kurudia yaliyotokea Mogadishu. Aprili 21, 1994, mauaji yakiwa yametimiza wiki mbili, Baraza la Usalama kwa azimio 912 lilikipunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa kutoka askari wapatao 2,500 hadi 270. Maofisa wa Washington walikwepa neno “mauaji ya kimbari” kwa sababu neno hilo lina uzito wa kisheria. Juni 10 msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje, Christine Shelly, alizungumzia “vitendo vya mauaji ya kimbari”, na Alan Elsner wa Reuters akamuuliza vinahitajika vitendo vingapi ili yawe mauaji ya kimbari. Swali hilo moja lilifanya kazi ambayo tahariri kumi zisingeweza. Lakini liliulizwa mauaji yakiwa yameingia mwezi wake wa tatu.

Wakati huo kamera zilifuata watu walikoweza kufikiwa. Aprili 28 na 29, kwa muda wa kama saa 24 tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Katikati ya Julai karibu milioni moja waliingia Goma, mji wenye uwanja wa ndege, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Goma ikatikisa dunia na misaada ikaja kwa ndege kubwa, ingawa miongoni mwa waliokuwa kambini walikuwamo waliochinja wenzao. Vilima vilikofanyika mauaji havikuwa na kamera. Mhariri anayepima ukubwa wa jambo kwa wingi wa picha zinazomfikia anapima ubora wa barabara na viwanja vya ndege.

Sasa tuone jinsi chanzo kimoja kinavyozungushwa hadi kionekane viwili. Mfano safi kabisa ni wa Jumapili, Septemba 8, 2002. Gazeti la New York Times lilichapisha, kwa kutegemea maofisa wasiotajwa majina, kwamba Iraq ilikuwa ikitafuta mabomba ya alumini kwa ajili ya kurutubisha urani, hatua ya kuelekea bomu la nyuklia. Asubuhi hiyo hiyo Makamu wa Rais Dick Cheney alikaa kwenye kipindi cha televisheni akaitaja habari ya gazeti kuunga mkono hoja yake. Yaani Serikali ilinong'ona, gazeti likapaza, Serikali ikalinukuu gazeti kana kwamba ni shahidi wa nje. Msikilizaji alihesabu mashahidi wawili, alikuwepo mmoja. Wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani yenyewe walikuwa wakisema mabomba yale yanafaa zaidi kwa roketi, na waandishi wa kampuni ya magazeti ya Knight Ridder waliozungumza na maofisa wa ngazi za chini walipata mashaka hayo mapema. Mei 26, 2004 gazeti lilikiri kwa wasomaji wake udhaifu wa habari zake, mwaka mmoja na ushee baada ya vita kuanza. Kabla ya hapo, Oktoba 1990, binti wa miaka 15 aliwaambia wabunge wa Marekani kwamba wanajeshi wa Iraq waliwatoa watoto wachanga kwenye mashine za kuwatunza hospitalini Kuwait. Ushahidi ulikuwa umeandaliwa kwa msaada wa kampuni ya uhusiano wa umma ya Hill and Knowlton, na binti alikuwa mtoto wa balozi wa Kuwait mjini Washington. Hayo yalifichuka Januari 1992. Seneti ilikuwa imeshapiga kura ya vita, 52 kwa 47, Januari 12, 1991.

Tusijifanye hayo ni ya Wazungu. Oktoba 2011 Kenya ilipoingia Somalia baada ya utekaji wa wageni huko Lamu na Dadaab, operesheni ilipewa jina la Linda Nchi. Jina hilo lenyewe ni kichwa cha habari, na ni hoja iliyokwisha kujibiwa: nani atauliza maswali kuhusu kulinda nchi? Vyumba vingi vya habari vililichukua jina hilo wiki ya kwanza bila alama za kunukuu. Januari 2012 ofisi ya msemaji wa jeshi iliweka Twitter picha za mtu aliyepigwa mawe, kama tukio jipya. Zilikuwa picha za mwaka 2009, na waliogundua ni watu waliokuwa wamekaa nyumbani na simu zao.

Januari 15, 2016 kambi ya askari wa Kenya huko El Adde, Somalia, ilishambuliwa. Mpaka leo Serikali ya Kenya haijatoa idadi rasmi ya waliouawa. CNN ilifikia 141. Rais wa Somalia wa wakati ule, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja hadharani idadi inayokaribia 200, Nairobi ikakanusha bila kutoa hesabu yake. Mwandishi Yassin Juma alikamatwa kwa aliyoyachapisha mitandaoni kuhusu shambulio hilo. Matokeo ya ukimya huo mnayajua: hesabu ikafanywa na watu waliohudhuria mazishi kaunti moja baada ya nyingine, na Al-Shabaab wakajaza pengo kwa video zao. Linganisheni na Desemba 7, 2017, kambi ya Watanzania huko Semuliki, Kivu Kaskazini. Umoja wa Mataifa ulitangaza vifo 14 ndani ya siku moja, na Katibu Mkuu António Guterres akaliita shambulio baya zaidi dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni. Habari ilikuwa chungu, lakini ilikuwa moja. Uvumi haukupata pa kukaa.

Ombi letu la kwanza kwa mawaziri, na ndilo kubwa: karatasi ya ukurasa mmoja, hadharani, angalau siku saba kabla ya kikosi kuondoka. Iandikwe azimio au mkataba unaoruhusu, kwa namba na tarehe. Iandikwe kazi kwa vitenzi: kusindikiza, kulinda raia, kushambulia, kutenganisha. Idadi ya askari. Muda. Nani anaamuru. Nani analipa, na nini kitamaliza kazi.

Kwa nini vitenzi? Novemba 2022 kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilipofika Goma, wakazi walikuwa wamesikia redioni na kwenye hotuba kwamba kinakuja kupigana na waasi wa M23. Makamanda walijiona wamekuja kusimamia maeneo ambayo waasi wangeyaachia. Februari 2023 video ya Rais Félix Tshisekedi akimwonya kamanda wa kikosi, Meja Jenerali Jeff Nyagah, asiwapendelee M23 ilisambaa; Goma ikaandamana; Desemba kikosi kikaondoka kwa kunyimwa muda zaidi. Askari wale walilaumiwa kwa kutofanya kazi ambayo wao hawakujiona wametumwa kuifanya. Karatasi moja ya Kiswahili na Kifaransa ingepunguza nusu ya ghadhabu ile.

Kwa nini siku saba? Ibara ya 240 ya Katiba ya Kenya inataka Bunge liidhinishe kutuma vikosi nje. Askari wa Kenya waliokuwa wakienda Congo walikabidhiwa bendera na Rais William Ruto mbele ya kamera Novemba 2, 2022. Bunge likaidhinisha wiki moja baadaye. Mbunge gani angepinga wakati taifa zima limekwisha kuwaona vijana wakipiga saluti? Nchini Tanzania ibara ya 44 inahusu kutangaza hali ya vita, na Spika huitisha Bunge ndani ya siku 14. Kikosi cha kikanda hakiingii humo moja kwa moja, kwa hiyo karatasi hiyo inahitajika zaidi. Sherehe ya bendera ije baada ya kura, si kabla. Ni suala la kupanga kalenda tu.

Kuhusu nani analipa: kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya ulitoa dola 1,028 kwa kila askari wa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, kwa mwezi, na mwaka 2016 ukakata asilimia 20. Uamuzi huo wa Brussels ulitikisa mjadala wa kubaki au kuondoka katika nchi zote zenye askari Somalia, lakini wasikilizaji wetu wengi walidhani mjadala ulikuwa wa ujasiri na uoga.

La pili ni majeruhi na waliouawa. Tunajua hoja yenu: familia isisikie kwa redio, adui asijue amepata nini. Hoja zote mbili zinakidhiwa kwa ratiba. Ndani ya saa 12 likubalini shambulio, mahali na tarehe, bila idadi. Majina yatoke saa 24 baada ya familia kuarifiwa, kama inavyofanya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Jumla ya awali itoke ndani ya saa 72, ikiitwa ya awali, na taarifa kamili ipelekwe kamati ya Bunge ndani ya siku 30. Hata Marekani waliwahi kuzuia picha za majeneza, kuanzia 1991 hadi 2009, kisha wakaziachia kwa ridhaa ya familia. Kinachovuruga ratiba kwa kawaida ni ofisa wa zamu asiye na mamlaka ya kusema hata “tumeshambuliwa”. Simu inapita ofisi nne na saa kumi na nane zinapotea. Mpeni ofisa huyo sentensi tatu alizoruhusiwa kabla, na jina la mtu mmoja wa kumpigia.

Na msirudie njia ya sheria. Mwaka 2014 Kenya ilijaribu kuharamisha picha za waathiriwa wa ugaidi kwa faini ya hadi shilingi milioni tano au kifungo cha miaka mitatu. Februari 2015 Mahakama Kuu ilikitupa kifungu hicho pamoja na vingine saba.

La tatu ni waandishi wanaosafiri na vikosi. Kusafiri na jeshi si dhambi. Bila jeshi maeneo mengi hayafikiki. Kanuni ziwe za maandishi: kinachokatazwa ni idadi kamili, mahali pa kambi, safari zijazo na majina ya wafu kabla ya familia, kisichokatazwa ni kila kitu kingine. Ofisa asisome habari kabla haijatumwa. Chombo cha habari kilipe chakula, bima na fulana ya kuzuia risasi ya mtu wake, na posho ya jeshi ikataliwe, hata iitwe ya kujikimu. Mwandishi asivae sare wala kofia ya kijeshi. Julai 12, 1993 helikopta za Marekani ziliishambulia nyumba walimokutana wazee mjini Mogadishu, na waandishi wanne walioitwa kwenda kupiga picha za maafa hayo waliuawa na umati wenye hasira: Dan Eldon, Hos Maina na Anthony Macharia wa Reuters, waliotokea Nairobi, pamoja na Hansi Krauss wa AP. Umati ule haukuwa na muda wa kutenganisha mgeni mwenye kamera na mgeni mwenye bunduki. Msiurahisishie umati mwingine kosa hilo.

Sasa ninyi wahariri, maana tusiwaseme wakubwa tukajisahau.

Hesabuni vyanzo kwa ofisi, si kwa vichwa. Kanali, mshauri wa waziri na balozi waliokaa kikao kimoja ni chanzo kimoja. Gazeti la nje likimnukuu ofisa wetu asiyetajwa, kisha waziri wetu akalinukuu gazeti hilo, bado ni chanzo kimoja. Tafuteni wa pili nje ya mnyororo huo: daktari wa hospitali ya wilaya, dereva wa lori, padri au shehe, ofisa wa bajeti. Mara nyingi ofisa wa bajeti anajua kuliko jenerali.

Picha ya vita isipandishwe kabla ya nusu saa ya kazi. Ombeni faili la asili, kwa kuwa picha iliyopita WhatsApp imekwisha kunyolewa tarehe na mahali. Itafuteni mtandaoni kwa picha yenyewe, katika mitambo miwili tofauti ya utafutaji. Angalieni sare, mabango, mimea na vivuli. Mpigieni mtu aliye pale. Nusu saa ikipita bila uhakika, habari itoke bila picha.

Na lugha yetu. Mashirika ya habari yanatuletea Kiingereza chenye maneno mawili, la kulinda amani na la kulazimisha amani, nasi tunayamimina yote kwenye “kulinda amani”. Machi 2013 azimio 2098 liliunda brigedi ya askari 3,069 wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, yenye ruhusa ya kushambulia makundi yenye silaha mashariki mwa Congo. Tukawaita walinda amani. Msikilizaji wa Mwanza alipopata habari za vifo alishangaa walinda amani wanauawaje hivi. Hakuambiwa kwamba ni kikosi cha mashambulizi. Kubalianeni meza moja: “kulinda amani” pale pande zote zilipokubali kikosi kije, “kulazimisha amani” pale ambapo hazikukubali, “kuingia kijeshi” kwa jeshi lililovuka mpaka bila azimio lolote, liwe la kwetu au la jirani. Majina ya operesheni yawekwe kwenye alama za kunukuu.

Jambo moja zaidi linalosahaulika. Habari nyingi za nje katika Kiswahili hutujia kutoka idhaa zinazolipiwa na serikali, kikamilifu au kwa sehemu: BBC tangu 1957, Deutsche Welle, RFI, Radio China, na VOA, iliyonyamaza Machi 2025 serikali ya Marekani ilipositisha kazi zake. Wapo humo waandishi hodari, wengi ni walimu wetu. Lakini redio ndogo inayorusha taarifa ya Paris kuhusu operesheni ya Ufaransa bila kuongeza sauti ya pili inaazima macho ya mshiriki. Dakika mbili za mwandishi wa Bukavu kwa simu zinatosha kuanzia, na alipwe, kwa wakati.

Kamati za ulinzi, mlango wenu uko kwenye bajeti. Kabla ya fungu la kikosi chochote cha nje kupitishwa mwaka ujao wa fedha, ombeni mezani ile karatasi ya ukurasa mmoja, ratiba ya majeruhi na kanuni za waandishi, vyote vitatu, vikiwa na saini ya waziri. Mhariri atakayeomba nakala siku hiyo hiyo apewe.

Ni sisi,
wahariri na waandishi wa madawati ya habari za kimataifa na ulinzi